Adhabu za shule Marekani, ubaguzi wa rangi na mahabusu ya watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili ambao watoto wao wanasoma shule za umma Marekani, kuanzia Louisville na Houston hadi Boise na Portland. Maswali ni yale yanayorudi kila mara kwenye vikao vya wazazi, baada ya ibada, na kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria za majimbo zinatofautiana, kwa hiyo hapa tumeweka zaidi yale yanayoshika nchi nzima. Kesi ikishafika mahakamani, tafuta wakili.

## Mambo ya msingi

1. Kusimamishwa na kufukuzwa vina tofauti gani?

Kusimamishwa ni kuzuiwa masomo kwa siku chache, kisha mtoto anarudi. Anaweza kusimamishwa nje, yaani akae nyumbani, au ndani, yaani akae chumba kingine cha shule hiyohiyo akisimamiwa. Kufukuzwa ni kuondolewa kwa muda mrefu, mara nyingi muhula au mwaka, na wilaya nyingi za shule humhamishia mtoto kwenye shule mbadala.

Ipo namna ya tatu ambayo haina jina rasmi. Simu inalia saa nne asubuhi: "Njoo umchukue, leo hatulii." Hakuna barua, hakuna kosa lililoandikwa, na siku hiyo haihesabiwi popote. Ukiitwa hivyo zaidi ya mara moja, omba karatasi inayosema mtoto ameondolewa na kwa nini. Haki zenu kuhusu karatasi hiyo ziko kwenye swali la 11.

2. Ni kweli watoto Weusi wanaadhibiwa zaidi, au ni maneno ya wanasiasa?

Ni kweli, na takwimu ni za serikali yenyewe. Wizara ya Elimu ya Marekani hukusanya taarifa za adhabu kutoka shule zote za umma. Katika mwaka wa masomo 2017–18, wanafunzi Weusi walikuwa takriban asilimia 15 ya wanafunzi wote, lakini walikuwa asilimia 38 ya waliosimamishwa nje ya shule. Shule za awali ndizo zinazoshangaza zaidi: Weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto, na asilimia 43 ya waliosimamishwa. Hao ni watoto wa miaka mitatu na minne.

Mwaka 2018 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilipitia takwimu za 2013–14 na kukuta tofauti hiyo kwa wavulana na wasichana, katika shule za maskini na za wenye nacho, na katika kila aina ya adhabu.

3. Labda watoto hao ndio wanaokosea zaidi?

Swali hili huulizwa hata na wazazi wetu wenyewe, kwa hiyo linastahili jibu refu.

Tazama kwanza aina ya makosa. Mwaka 2002 mtafiti Russell Skiba na wenzake walichunguza rekodi za mji mmoja mkubwa. Wanafunzi Weupe walipelekwa ofisini zaidi kwa mambo yanayoonekana kwa macho: kuvuta sigara, kuharibu mali, kutoka shuleni bila ruhusa. Weusi walipelekwa zaidi kwa mambo yanayotegemea aliyeyatazama: kukosa heshima, kelele, "vitisho", kuzurura. Sigara ama ipo mkononi ama haipo. Heshima inapimwa na mwalimu.

Utafiti mkubwa wa Texas uliotolewa mwaka 2011 ulifuatilia karibu wanafunzi milioni moja kuanzia darasa la 7. Karibu asilimia 60 kati yao walisimamishwa au kufukuzwa angalau mara moja kabla ya kumaliza sekondari, na ni asilimia 3 tu ya adhabu hizo zilizotokana na makosa ambayo sheria ya jimbo inalazimisha kuadhibiwa. Zilizobaki ziliamuliwa na shule kwa hiari yake. Watafiti walipolinganisha wanafunzi waliofanana katika mambo mengine, Weusi walikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 31 wa kupata adhabu hizo za hiari.

Jason Okonofua na Jennifer Eberhardt wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanya jaribio mwaka 2015. Waliwapa walimu maelezo ya mwanafunzi aliyekosea mara mbili, makosa madogo. Maelezo yalikuwa yaleyale. Lililobadilika ni jina la mwanafunzi, la Kimarekani Mweusi au la Mweupe. Kosa la kwanza halikuleta tofauti kubwa. La pili ndilo lililoleta: mwenye jina la Mweusi alionekana mkorofi kwa asili, na walimu wakataka adhabu kali zaidi.

Kusema haki, si pengo lote linatokana na mwalimu mmoja mwenye upendeleo. Sehemu yake inatokana na shule zenyewe: watoto Weusi wengi husoma katika shule zinazoadhibu vikali kila mtu. Lakini hata Louisiana, watafiti walipoangalia ugomvi kati ya mwanafunzi Mweusi na Mweupe, wote wawili wakiadhibiwa kwa tukio moja, Mweusi alipata siku nyingi kidogo zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo, ila hapo hakuna nafasi ya kusema mmoja alifanya kosa jingine.

4. Watoto wetu wanaponzwa na nini hasa?

Mara nyingi ni malezi tuliyowapa. Kwetu mtoto akikaripiwa anainamisha kichwa na kunyamaza; kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu. Mwalimu wa Marekani anataka atazamwe usoni na ajibiwe. Aliyeinama anaandikiwa "amekataa kusikiliza." Msichana anayetabasamu kwa aibu anaandikiwa "dharau." Vijana wakiongea Kiswahili au Kinyarwanda kwa sauti kwenye korido na kusukumana kwa utani, anayepita anaona ugomvi. Nimekuwa mkalimani katika vikao vya namna hii, na mara nyingi mama hushangaa kusikia kuwa kosa la mwanawe ni jambo lilelile alilomfundisha.

Mwambieni mtoto hivi kabla shule haijafunguliwa. Na mkiwa kikaoni, mwelezeni mwalimu bila kuona haya.

5. Nywele je? Wamesema misuko ya binti yangu inavunja kanuni.

California ilipitisha mwaka 2019 sheria ya kwanza inayokataza kumbagua mtu kwa mitindo ya nywele za asili, na majimbo mengi yamefuata, Texas ikiwemo mwaka 2023. Sheria hizo zina mianya. Katika mwaka wa masomo 2023–24 mwanafunzi mmoja wa Texas alitengwa na darasa lake kwa miezi kwa sababu ya urefu wa rasta zake, na Februari 2024 jaji akaipa wilaya ya shule ushindi. Soma kanuni za shule yako: zinataja mtindo au urefu?

6. Ukali huu ulianza lini?

Malalamiko ni ya zamani; shirika la Children's Defense Fund lilishaandika kuhusu pengo hili mwaka 1975. Kilichobadilika ni miaka ya 1990. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 ilizitaka shule kumfukuza kwa mwaka mmoja yeyote anayeleta bunduki. Shule zikachukua ukali uliokusudiwa kwa bunduki, zikaushusha hadi kwenye matusi na utoro. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Colorado, Aprili 1999, fedha zikamiminwa kuajiri polisi wa shule. Columbine ni eneo lenye Weupe wengi. Waliokuja kukamatwa zaidi na polisi hao ni watoto wa kwingine.

## Kutoka shule hadi mahabusu

7. Siku tatu za kukaa nyumbani zinahusianaje na gereza?

Utafiti wa Texas (swali la 3) uliona kwamba mwanafunzi aliyesimamishwa au kufukuzwa kwa kosa la hiari alikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kufikishwa kwenye mfumo wa sheria wa watoto mwaka uliofuata.

Mtu anaweza kujibu kwamba mtoto mkorofi angefika huko hata bila kusimamishwa. Ndiyo maana matokeo ya Charlotte, North Carolina, yana uzito. Huko mipaka ya shule ilibadilishwa mwaka 2002, na watoto wa mtaa mmoja wakajikuta wamepangiwa shule tofauti bila kuchagua. Wachumi Andrew Bacher-Hicks, Stephen Billings na David Deming waliwafuatilia hadi utu uzima. Waliopangiwa shule kali zaidi walikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 15 hadi 20 wa kukamatwa na kufungwa, na walioumia zaidi ni wavulana wasio Weupe. Hapo kilichotofautiana ni shule.

Ukikaa na familia utaona inavyotokea. Baba yuko zamu ya usiku, mama yuko kiwandani, mtoto amesimamishwa na yuko peke yake mtaani mchana kutwa. Akirudi amepitwa na masomo, na walimu wanamjua kama yule aliyesimamishwa. Kosa linalofuata haliangaliwi kwa macho yaleyale.

8. Polisi wa shule anaweza kumkamata mtoto kwa utundu tu?

Imetokea, tena mara nyingi.

Mwezi Aprili 2016 huko Murfreesboro, Tennessee, watoto 11 Weusi walikamatwa kwa sababu ya video ya ugomvi wa watoto wadogo. Wengi wao hawakupigana; walidaiwa kutazama bila kuzuia. Baadhi walichukuliwa kutoka shule ya msingi wakiwa na pingu, na kosa waliloshtakiwa nalo halikuwepo katika sheria kwa namna lilivyotumika. Uchunguzi ukaonyesha kuwa mahakama ya watoto ya kaunti hiyo ilikuwa ikifunga watoto kwa kiwango kilichozidi mno wastani wa jimbo, na mwaka 2021 kaunti ikakubali kulipa hadi dola milioni 11 kwa waliokamatwa na kufungwa isivyo halali. Murfreesboro iko karibu na Nashville, ambako familia nyingi kutoka Afrika zimehamia.

Huko South Carolina, mwaka 2015, askari wa shule alimpindua msichana pamoja na dawati lake kwa kukataa kutoka darasani. Sheria iliyotumika ilikuwa inafanya "kuvuruga shule" kuwa jinai. Jimbo liliirekebisha mwaka 2018 isiwahusu wanafunzi. Na Orlando, mwaka 2019, mtoto wa miaka 6 alifungwa mikono kwa sababu ya hasira za kitoto. Mwaka 2021 Florida ikaweka sheria kwamba aliye chini ya miaka 7 asikamatwe, isipokuwa kwa makosa makubwa ya kutumia nguvu.

9. Ni watoto wangapi wamefungwa, na rangi inahusika vipi huko?

Idadi imeshuka sana. Mwaka 2000, siku yoyote ile, vijana wapatao 108,800 walikuwa wamezuiliwa katika vituo vya watoto. Mwaka 2021 walikuwa karibu 25,000. Lakini pengo halikufungana: mwaka huohuo wa 2021 kijana Mweusi alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara nne wa kuzuiliwa kuliko kijana Mweupe.

10. Hakimu amemwachia, yuko chini ya uangalizi wa mahakama. Tumepona?

Bado. Kipindi cha uangalizi ndicho kinachopaswa kuwatia hofu kuliko siku ya kesi yenyewe, kwa sababu kanuni za shule sasa zimekuwa amri za mahakama. Kuchelewa, kutofanya kazi za shule, kujibizana na mwalimu, vyote vinaweza kuitwa ukiukaji.

Mfano unaojulikana ni wa msichana Mweusi wa miaka 15 huko Michigan. Mei 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa korona, hakimu aliamuru azuiliwe kwa kuwa hakumaliza kazi za masomo ya mtandaoni, jambo lililokuwa sharti la uangalizi wake. Alitoka mwisho wa Julai baada ya mahakama ya rufaa kuingilia kati. Kabla ya kukubali masharti, mwombe wakili ayasome moja moja na akatae yale ambayo mtoto hawezi kuyatimiza.

## Haki zenu

11. Shule imepiga simu kwamba mwanangu amesimamishwa. Nianze na nini?

Karatasi. Uliza mambo matatu, kwa maandishi: ameshtakiwa kosa lipi katika kanuni za shule, nani ameona, na siku ngapi. Katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez, mwaka 1975, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hata kwa siku zisizozidi 10 mwanafunzi lazima aelezwe kosa, aonyeshwe ushahidi akikanusha, na apewe nafasi ya kujieleza. Kwa kawaida hilo hufanyika kabla hajaondolewa, isipokuwa kama kuna hatari. Siku zikizidi 10, utaratibu unakuwa mzito zaidi.

Neno "dharau" au "kukaidi" likiwa peke yake kwenye fomu, usiliache. Omba liandikwe alichosema au alichofanya, neno kwa neno. Wazazi wengi hupokea barua, wanaomba msamaha kwa heshima, wanatia saini, wanaondoka. Nia ni njema, lakini saini hiyo inabaki kwenye faili, na mtakutana nayo kosa la pili litakapokuja. Mnaweza kutia saini kwamba mmepokea tu, na kuandika kwa mkono kwamba hamkubaliani.

12. Kiingereza changu ni kidogo. Mtoto anitafsirie?

Hapana. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani analipwa na shule. Mtoto aliyeshtakiwa hawezi kuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe, wala kaka yake. Sema mapema ni Kiswahili kipi mnachokisikia vizuri. Mtu wa Bukavu na mkalimani wa Zanzibar wanaweza kupishana, na kwenye kikao cha kumfukuza mtoto kupishana ni ghali.

13. Askari anataka kumhoji mwanangu ofisini kwa mkuu wa shule.

Mtoto aseme kwa upole: "Naomba mzazi wangu na wakili," kisha anyamaze. Haki ya mtoto kuwa na wakili katika mahakama ya watoto inatokana na kesi ya Gault ya mwaka 1967. Mwaka 2011, katika kesi ya kijana wa miaka 13 wa North Carolina aliyehojiwa shuleni, Mahakama Kuu ilisema umri lazima uzingatiwe katika kuamua kama mtoto alikuwa kizuizini na alistahili kuonywa kuhusu haki zake. Kupekuliwa begi ni jambo jingine: tangu 1985 shule inahitaji shaka yenye msingi tu, bila hati ya hakimu. Asipigane na anayepekua.

14. Mwanangu ana ulemavu, na kila wiki yuko matatani.

Kama ana mpango wa elimu maalumu, ule wa IEP, hawezi kuondolewa kwa zaidi ya siku 10 mfululizo bila kikao cha kuamua kama kosa limetokana na ulemavu wake au na shule kutofuata mpango. Kikao lazima kifanyike ndani ya siku 10 za shule tangu uamuzi utolewe. Kama jibu ni ndiyo, kwa kawaida anarudi darasani. Silaha, dawa za kulevya na kuumiza mtu vibaya vina utaratibu wake. Kama mnahisi ana tatizo na hajawahi kupimwa, ombeni apimwe, kwa barua yenye tarehe.

15. Nikiona ni ubaguzi, nalalamika wapi?

Anza na wilaya ya shule. Kisha kuna ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu, inayosimamia Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Malalamiko yapelekwe ndani ya siku 180 tangu tukio. Msitegemee haraka. Mwongozo wa mwaka 2014 uliozionya shule kuhusu adhabu zinazobagua ulifutwa Desemba 2018, Aprili 2025 Rais Trump alisaini amri inayopinga mtazamo huo, na mwezi mmoja kabla yake ofisi 7 kati ya 12 za kanda za haki za kiraia zilifungwa. Sheria yenyewe haijafutwa. Mashirika ya msaada wa sheria ya jimbo lenu mara nyingi husaidia upesi zaidi.

## Maswali ya pembeni

16. Sisi ni Wakongo, si Wamarekani Weusi. Haya yanatuhusu?

Mwalimu aliye kwenye korido haulizi pasipoti. Takwimu za wizara nazo haziwatenganishi: mtoto wa Uvira na mtoto wa Chicago wako safu moja. Nasikia wazazi wakiwaambia watoto wajitenge na "wale" ili wawe salama. Ushauri huo haujawahi kumfutia mtoto fomu hata moja, na unawanyima watoto marafiki na unawanyima wazazi washirika wanaoujua mfumo huu kwa vizazi.

17. Mwalimu mwenyewe ni Mweusi. Bado inaweza kuwa ubaguzi?

Inaweza, maana kanuni anazozitumia si zake. Hata hivyo utafiti wa North Carolina ulionyesha kwamba wanafunzi Weusi husimamishwa mara chache zaidi wanapofundishwa na walimu Weusi.

18. Wakiacha kusimamisha watoto na kuondoa polisi, shule si zitakuwa vurugu?

Hofu hiyo ina msingi, na wazazi wa watoto wanaoonewa ndio wenye haki ya kuwa nayo. California imekwenda hatua kwa hatua: kwanza ilizuia kusimamisha watoto wa madarasa ya chini kwa "ukaidi", baadaye ikapanda hadi sekondari. Kusimamisha kwa ugomvi au silaha kumebaki. Hiyo naiona ndiyo njia ya busara. Kuhusu polisi, Denver ilipiga kura kuwaondoa mwaka 2020 na kuwarudisha mwaka 2023 baada ya watu kupigwa risasi katika shule ya East. Oakland ilivunja kikosi chake cha shule mwaka 2020.

19. Nimrudishe kwa bibi Afrika atulie?

Kama kuna kesi, usimsafirishe kabla ya kuongea na wakili. Kutofika mahakamani kunaweza kuleta hati ya kukamatwa.

20. Uingereza ni tofauti?

Majina ni tofauti. Ripoti ya serikali ya mwaka 2019 kuhusu England iliona kwamba watoto wenye asili ya Karibiani walikuwa na uwezekano wa mara 1.7 wa kufukuzwa moja kwa moja kuliko Waingereza Weupe, hata baada ya kuzingatia sababu nyingine.

21. Kesi ya mtoto itaharibu makaratasi yetu ya uhamiaji?

Kwa kawaida uamuzi wa mahakama ya watoto hauhesabiwi kuwa hatia ya jinai kwa sheria ya uhamiaji. Kesi ikihamishiwa mahakama ya watu wazima mambo yanabadilika. Hata ikibaki ya watoto, afisa anayepima ombi la kadi ya kijani au uraia anaweza kuuliza kilichotokea na kukizingatia. Kwa hiyo, kabla mtoto hajakiri chochote ili "yaishe", wakili wa kesi aongee na wakili wa uhamiaji. Haki ya kusoma shule ya umma haiguswi: tangu 1982 Mahakama Kuu imekataza shule kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya makaratasi.